Sheria iko, lakini inamlinda nani?

Wengi wanatuuliza kama Kongo iruhusu umalaya. Sisi walimu tulisoma sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006. Haimwazibu mwanamke mzima anayeuza mwili kwa hiari yake. Inamwazibu anayemlazimisha, anayekula faida yake, na anayemwingiza mtoto asiyefikisha miaka 18. Lakini usiku, nani anakamatwa na kunyang'anywa franka zake? Ni mwanamke.

Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Sekondari bado inalipwa, na hapo ndipo wasichana wanatutoka darasani. Basi, tumfahamishe mwenzetu haki yake, na tuchangie minerval ya binti kabla barabara haijamchukua.