Profili ya Rangi: Namba 2 ao Namba 4?

Tukitoa picha za mtihani wa Serikali, mara nyingi tunashangaa: kwa ordinatere uso ni mzuri, lakini kwa karatasi unakuwa mwekundu, ao nywele zinakuwa giza tupu. Si kosa la wino kila mara.

Profili ni faili ndogo inayoambia ordinatere namna mashine fulani inayorusha wino, kwa wino fulani na karatasi fulani, inavyotoa rangi. Karatasi ikibadilika, profili nayo ibadilike.

Kanuni za profili zinatungwa na shirika la ICC, lililoanzishwa mwaka 1993. Kuna namba 2, ya zamani, na namba 4, iliyotoka mwaka 2001. Tofauti iko zaidi katika giza la picha: namba 2 haikueleza sawasawa mwisho wa weusi, basi kila mtengenezaji alifuata akili yake. Namba 4 iliuwekea kipimo. Lakini programu nyingine za zamani haziisomi vizuri.

Tuchague namna gani?

1. Programu ikiwa ya zamani, shika namba 2.
2. Ikiwa mpya, zima kwanza masahihisho ya rangi ya mashine yenyewe, rangi isisahihishwe mara mbili.
3. Toa picha moja kwa profili zote mbili, karatasi ile ile.
4. Ngoja wino ukauke, kisha tazama mchana, karibu na mlango.

Usitazame shati jeupe tu. Tazama shavu na nywele. Sisi watu weusi, sura yetu iko pale pale profili mbaya inapoharibu. Namba kubwa si lazima iwe bora: chagua ile inayoonyesha mtu alivyo.