Walipotubu, Walirudisha

Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, watu wawili walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi ya afya serikalini. Mwingine alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, aliyefika akiwa hoi baada ya njaa kubwa iliyoikumba nchi ile. Miaka michache baadaye Gahini iliwaka moto wa toba, ukavuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndio Uamsho wa Afrika Mashariki, na watu wake wakaitwa Balokole, yaani waliookoka.

Masimulizi ya Uamsho hukawia kwenye machozi, ndoto na nyimbo za usiku kucha. Mimi huvutwa zaidi na yaliyofuata asubuhi. Aliyetubu wizi alitarajiwa kubeba alichoiba na kukipeleka kwa mwenyewe. Vitu vya hospitali vilirudi hospitalini, madeni yakalipwa, na wapo waliokwenda wenyewe kulipa kodi waliyoikwepa. Ni njia ya Zakayo wa Biblia: wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mali za watu zilitoka.

Chuki nayo ilihesabiwa kuwa deni. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli baada ya kuokoka, akaenda mbali kumwomba msamaha mzungu aliyekuwa akimchukia. Wamisionari kadhaa nao walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi na dharau yao. Tukumbuke huo ulikuwa wakati wa ukoloni, mzungu akiitwa bwana mkubwa hata na mzee anayemzidi umri.

Haya yote Balokole waliyaita kutembea nuruni, na si kila mtu aliyafurahia. Kuna aliyekiri uzinzi hadharani akamtaja na mwenzake, ambaye hakuwa amejiandaa kutubu siku hiyo! Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza mwanafunzi William Nagenda na wenzake zaidi ya 20, waliokataa kuacha mikutano yao ya alfajiri.

Mikutano mingi ya injili ya siku hizi humwita mtu mbele, akaongozwa sala ya toba, akapigiwa makofi, akarudi kwenye kiti chake. Ni nadra kusikia mhubiri akimuuliza kiwanja cha yatima aliowadhulumu kiko kwa nani. Sala ile naiheshimu, ila inapoishia pale pale jukwaani, jirani aliyedhulumiwa hana habari kwamba kuna mtu ametubu.

Lakini Uamsho wenyewe ulikuwa na mahali usipofika. Ushirika wa Balokole ulimfundisha mtu kutaja uongo wake, pombe yake, mke wa pili. Dhambi inayotendwa na kabila zima au na serikali haikupata nafasi ya kutosha. Walikuwepo walioiona. Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho aliyewahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao na kupelekwa Nyamata, Rwanda, aliuawa Januari 1964. Miaka 30 baadaye nchi ile ile ilifanya mauaji ya kimbari, watu wakauawa hadi ndani ya makanisa, wauaji na waliouawa wakiwa wamebatizwa.

Jembe hurudishwa, ng'ombe hulipwa. Aliyeuawa je? Mahakama za gacaca, yaani za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa mwaka 2012, zilipunguza adhabu kwa aliyekiri, lakini ungamo lilikuwa na masharti. Alipaswa kueleza alichotenda, kuwataja aliokuwa nao, na kuonyesha mabaki ya marehemu yalikotupwa. Aliyepora mali alitakiwa kuirudisha au kuilipa. Wengi walikiri nusu, wakaomba msamaha kwa maneno ya Biblia, wakanyamaza walipoulizwa miili iko wapi. Familia zilizokaa pale kusikiliza hazikuihesabu hiyo kuwa toba.