Taabu ya Hiari

Kijiji cha Uroa kimelala ufukoni mwa mashariki ya Unguja, baina ya Pongwe na Chwaka, na mtu aliyekiona maji yakiwa yamejaa tu hajakiona nusu yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari hupwa ikarudi mbali kuelekea mwambani, ikaacha uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi. Na katika uwanja huo hushuka wanawake wenye kamba na magunia kwenda kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989 kisha kikaenea katika vijiji vingi vya pwani hiyo.

Atazamaye kwa karibu ataona kazi yenyewe ilivyo. Mama huinama, maji yakimfika magotini, akafunga vishada vya mwani kwa tai-tai, yaani vijikamba vidogo, kwenye kamba iliyokazwa baina ya vigingi viwili. Akimaliza kamba moja huanza nyingine, na mgongo haupati kunyooka mpaka maji yaanze kujaa. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, ukatiwa guniani, na gunia hilo linalochuruzika maji ya chumvi likabebwa mpaka nchi kavu. Haitakuwa insafu kuiita kazi hiyo mazoezi, maana waifanyao huifanya kwa ajili ya riziki, tena riziki ndogo. Lakini limo somo ndani yake kwa kila ambaye moyo wake umelegea mbele ya mashaka ya dunia, nalo ni kwamba nafsi huomba kupumzika mapema kuliko mwili unavyohitaji.

Somo hilo, mtu aketiye ofisini au dukani mchana kutwa hawezi kulipata kwa kuambiwa. Hulipata kwa kutoka jasho. Aanzapo kukimbia kwa kasi, moyo humdunda, pumzi humpaa, misuli humuwaka, na wa kwanza kumshauri aache ni nafsi yake mwenyewe. Akiishinda leo kwa dakika moja, kesho ataishinda kwa mbili, na kila ushindi mdogo wa namna hiyo humthibitishia kuwa ahadi aliyojiwekea anaweza kuitimiza. Siku atakapofikwa na deni au maradhi katika aila yake, mazoezi hayatalilipa deni wala kumponya mgonjwa. Faida yake ni kwamba dhiki haitamkuta mgeni, kwa kuwa amekwisha kuizoea kwa hiari kabla haijamjia kwa lazima.

Mfano mkubwa wa tabia hii Tanzania inao. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mji wa Mexico, ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200, John Stephen Akhwari alianguka njiani, goti likaumia vibaya. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 18 hawakumaliza; Akhwari, mguu umefungwa bandeji, aliingia uwanjani wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, ilhali watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Azma kama ile haizaliwi siku ya mashindano. Hujengwa asubuhi nyingi ambazo hakuna anayetazama wala kupiga makofi.

Hata hivyo, ukali usio na kipimo ni dhuluma kwa mwili. Kama vile bamvua hufuatwa na maji mafu, ndivyo juhudi nayo inavyotaka zamu yake ya kupumzika, kwani mazoezi magumu huijeruhi misuli kidogo kidogo, na ni katika usingizi na chakula chema ndipo inapojitengeneza ikawa na nguvu kuliko awali. Shirika la Afya Duniani huwanasihi watu wazima wafanye kwa wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 za mazoezi makali, na fauka ya hayo siku mbili za kuimarisha misuli. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu na amwone tabibu kwanza.

Mchanga mgumu wa pwani baada ya maji kupwa hauna kiingilio wala haumuulizi mtu viatu vyake. Basi, ewe msomaji, jichagulie taabu moja ndogo wiki hii, iwe ni mbio, kuogelea au kutembea kwa haraka baada ya sala ya alfajiri, nawe uitimize hata siku ambayo moyo hautaki, na hasa siku hiyo.