MATIBABU HULIPWA LINI?

Dawa hununuliwa. Mganga hulipwa mshahara. Hata sindano ina bei. Je, nani analipa, na analipa lini? Ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni kodi. Uingereza ilianza njia hii tarehe 5 Julai 1948. Watu hulipa kodi wakiwa wazima. Wakiugua, hawadaiwi fedha kwa daktari. Jirani zetu wa Uganda walifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Wagonjwa wakaongezeka, hasa maskini. Maskini hao hawakuanza kuugua mwaka ule. Zamani waliugulia nyumbani.

Njia ya pili ni kulipa siku ya kuugua. Hapa Tanzania matibabu ya serikali yalikuwa bure mpaka mwaka 1993, malipo yalipoanza. Njia hii ni nzito kwa mkulima. Hapa Amani tunapata fedha tukiuza iliki. Lakini kichomi hakingoji iliki ikauke. Mgonjwa hulala nyumbani huku ndugu wakitafuta fedha. Akifikishwa Muheza, ugonjwa umezidi, na gharama imezidi pia.

Njia ya tatu ni bima. Watu huchanga kabla ya kuugua, kama tunavyofanya katika chama cha kuzikana. Kenya, tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100. Kwetu, Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Wengine husema, "Nilichanga mwaka mzima, sikuugua. Fedha yangu imepotea." Haikupotea. Ilimtibu jirani. Mwaka ujao ya jirani itakutibu wewe. Wakichanga wagonjwa peke yao, mfuko utakauka.

Basi tufanye nini?

Ukiuza mazao, tenga fedha ya bima kwanza. Uliza ofisi ya kijiji: Ni kiasi gani? Inatibu watu wangapi? Inafika hospitali gani?

Kumbuka pia: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamesamehewa malipo katika vituo vya serikali.

Usimfiche mgonjwa nyumbani kwa kukosa fedha. Mlete zahanati mapema.