Land Rover 109 ya zamani: kuongeza stroku, au kuweka injini nyingine kabisa?

Land Rover 109, ile wengi wetu tunayoiita "mia na tisa", iliacha kutengenezwa kiwandani mwaka 1985. Hata hivyo huku kwetu bado ipo. Inabeba magunia ya mahindi na mpunga, inabeba watu siku ya gulio, na wakati wa masika inapita mahali ambapo magari mapya yanageuza. Mwili wake ni wa aluminiamu, hauliwi na kutu kama bati la kawaida, na chesesi yake fundi wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Kinachochoka ni injini.

Kila tunapozungumzia magari ya zamani, swali moja linarudi: injini imeanza kula oili, inatoa moshi wa buluu na haipandi mlima na mzigo. Mwenye gari ameuza mazao, ana fedha kidogo mkononi. Afanye ovahoo ya kawaida, aiongezee nguvu injini ileile, au atafute injini nyingine? Fedha ya msimu mzima inaingia kwenye uamuzi huo, kwa hiyo tuanze na kinachotokea ndani ya injini.

Injini ya petroli ya 109 nyingi ina silinda nne. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 90.47, na pistoni inatembea milimita 88.9 kutoka chini hadi juu. Mwendo huo ndio mafundi wanauita stroku. Ukipiga hesabu ya silinda zote nne unapata sentimita za ujazo 2,286, ndiyo maana inaitwa injini ya lita 2 na robo.

Sasa, ili injini ivute hewa na mafuta mengi zaidi kwa kila mzunguko, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanua silinda, yaani kupiga boringi. Hii wengi wanaijua, kwa sababu silinda ikishalika lazima ipanuliwe na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Lakini usidanganyike kwamba boringi inakuongezea nguvu ya maana. Ukienda hadi saizi ya 40, yaani karibu milimita moja ya ziada, unapata sentimita za ujazo 50 hivi tu. Hiyo ni kurudisha afya ya injini, si kuiongezea misuli.

Njia ya pili ni kurefusha stroku. Wenyewe Land Rover walifanya hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 waliichukua injini hiyo, wakaacha kipenyo kilekile cha 90.47, wakaweka krenki yenye stroku ya milimita 97. Ujazo ukapanda hadi 2,495, ongezeko la zaidi ya sentimita 200. Ni mara nne ya kile unachokipata kwa boringi ya saizi ya 40. Na faida yake inaonekana pale hasa anapoihitaji mtu wa Katavi: kwenye mzunguko wa chini, gari likiwa limejaa, linatoka kwenye tope polepole.

Ndiyo maana fundi anayezijua Land Rover anaweza kukuambia, "Tutafute krenki ya lita mbili na nusu." Siyo wazo baya. Lakini kabla hujatoa fedha, mwambie afungue sampu mhesabu pamoja vifuniko vya beringi kuu za krenki. Injini za kabla ya mwaka 1980 zina beringi kuu tatu. Kuanzia 1980 zina tano. Krenki ya lita 2.5 ni ya beringi tano, na haiingii kwenye bloku ya tatu. Ukikuta tatu, mazungumzo ya stroku yameishia hapo, isipokuwa upate bloku nyingine.

Jambo la pili ni pistoni. Tofauti ya stroku, 97 kutoa 88.9, ni milimita 8.1. Nusu yake inaenda chini na nusu inaenda juu. Maana yake, ukitumia pistoni za zamani, kila moja itapanda milimita 4 zaidi ya ilivyokuwa ikipanda, na itagonga hedi siku ya kwanza. Pistoni lazima ziwe zile za lita 2.5, ambazo tundu la pini limesogezwa juu ili kichwa cha pistoni kibaki mahali pake. Konrodi nazo zipimwe kama zimepinda. Kisha, kabla hedi haijafungwa, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, kuhakikisha hakuna kinachogusa bloku.

Hapo tunafika kwenye mgandamizo, na hapa ndipo watu wengi wanapoua injini mpya.

Pistoni ikiwa chini, silinda imejaa mchanganyiko wa hewa na petroli. Ikipanda juu, mchanganyiko wote unabanwa kwenye nafasi ndogo iliyobaki kwenye hedi. Injini ya 109 yenye hedi ya 8 kwa 1 inabana ujazo wa nane kuwa mmoja. Nafasi hiyo ya juu ni kama sentimita za ujazo 82 kwa kila silinda. Ukirefusha stroku bila kugusa hedi, sasa unabana hewa nyingi zaidi kwenye nafasi ileile: silinda ni 623, ongeza 82, gawanya kwa 82, unapata karibu 8.6. Mgandamizo umepanda wenyewe, na hujasaga hedi hata kidogo.

Mgandamizo mkubwa unatoa nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Hilo ni kweli. Lakini petroli ikibanwa sana na kupata joto, sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Utasikia sauti kama kokoto ndani ya debe, hasa ukikanyaga mafuta mlimani. Hiyo sauti ni nyundo inayopiga kichwa cha pistoni. Ikiendelea, pistoni inatoboka, ringi zinavunjika, beringi zinaliwa. Sisi tunasema injini "imenoki", na mara nyingi mwenye gari anamlaumu fundi wakati kosa liko kwenye petroli.

Maana petroli yenyewe ndiyo hiyo. Mjini Mpanda utajaza kituoni. Ukienda vijijini utakuta petroli ya kwenye chupa na madumu, na ikichanganywa na mafuta ya taa, uwezo wake wa kuhimili mgandamizo unashuka. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, wakati huo kupitia EWURA, ili kuwabaini wachakachuaji, lakini dumu lililo chini ya mwembe halina mkaguzi.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mtu anayetembea kati ya Mpanda na vijiji vya bonde la Rukwa au mwambao wa Tanganyika asifukuzie mgandamizo mkubwa. Zipo hedi za zamani za 7 kwa 1, zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye petroli dhaifu. Watu wanazidharau. Lakini hedi hiyo juu ya krenki ya stroku ndefu inakupa karibu 7.5 kwa 1: injini kubwa zaidi, na bado inavumilia mafuta ya njiani. Fundi akikushauri kusaga hedi "ili iwe kali", muulize utajaza petroli wapi. Kusaga kidogo kuisawazisha ni sawa. Kusaga sana kunapandisha mgandamizo na pia kunavuruga urefu wa fimbo zinazosukuma valvu.

Sasa njia ya tatu, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi: kutoa injini yote na kuweka ya dizeli. Inayoingia kwa taabu ndogo ni ndugu wa damu, 200Tdi au 300Tdi, za Land Rover za miaka ya 1990. Nazo zina kipenyo cha 90.47 na stroku ya 97, ila zina tabo, na mgandamizo wake ni 19.5 kwa 1. Dizeli inahitaji mgandamizo huo kwa sababu haina plagi za cheche: joto la hewa iliyobanwa ndilo linalowasha mafuta. 300Tdi inatoa nguvu za farasi 111, wakati petroli ya zamani ilikuwa karibu 70. Zina mkanda wa taimingi badala ya mnyororo. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, kwa hiyo ukinunua injini ya mtumba badilisha mkanda kabla hujaiwasha. Na hedi yake ni ya aluminiamu. Ile ya chuma ya zamani ilivumilia gari likichemsha. Hii ikichemsha mara moja inapinda. Usiweke maji ya bwawani kwenye rejeta.

Wengine wanaweka 1HZ ya Toyota Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2. Ni injini ngumu kweli, na spea zake zinapatikana. Lakini ni nzito na ndefu, inataka kukata na kuchomelea viti vya injini, na pengine kubadilisha gia boksi. Gari lililobuniwa kwa farasi 70 lina breki za ngoma na ekseli za nyuma za ukubwa wa nguvu hizo. Ukiweka injini kubwa, gari litakimbia. Swali ni kama litasimama likiwa na abiria kumi na wawili kwenye mteremko. Fedha ya breki itengwe kabla ya fedha ya injini. Hapa hatuna mzaha.

Ukiamua kubaki na injini yako, kazi ya kuboa silinda na kusaga krenki ifanyike kwenye karakana yenye mashine na maikromita, hata kama itabidi kuipeleka Mbeya au Mwanza. Bolti za hedi zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo, siyo kwa kukisia. Kisha kilomita 1,000 za kwanza usibebe mzigo mzito wala kuikimbiza. Oili ya kwanza imwage ukifika kilomita 500 hivi, uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga wa kijivu kidogo ni kawaida ya ringi kuzoeana na silinda. Vipande vinavyong'aa, rudi kwa fundi siku hiyohiyo.

Na kwa anayebadilisha injini nzima: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Dai risiti ya muuzaji yenye namba hiyo, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha upeleke mabadiliko TRA kadi irekebishwe. Gari lenye namba mbili tofauti, moja kwenye bloku na nyingine kwenye kadi, linaweza kuzuiliwa kizuizini likiwa na mzigo wako wote, na bima nayo itakuwa na swali la kuuliza siku ya ajali.