Jasho Lisiloonekana: Joto la Kazi na Mapumziko Mkoani Singida

Mji wa Singida uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu usiku wake ni wa baridi na upepo wake hautulii, wengi huamini kwamba joto la kazi ni shida ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, wala haliwahusu wakulima wa alizeti wa Iramba au wapasua kokoto wa pembezoni mwa mji. Imani hiyo ni ya hatari. Mkoa huu uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita juu ya utosi, na hicho ndicho kipindi ambacho mvua haijaanza, miti mingi imepukutisha majani na vibarua wako mashambani wakisafisha na kulima kwa ajili ya msimu.

Namna mwili unavyojipoza hueleweka vizuri kwa kuutazama mtungi wa maji. Mtungi wa udongo hupitisha maji kidogo kidogo hadi kwenye uso wake wa nje, na maji hayo yanapogeuka mvuke huondoka na joto, hivyo yaliyobaki ndani yakapoa. Ngozi ya binadamu hufanya kazi hiyohiyo: kila lita ya jasho inayokauka mwilini huchukua joto la takribani kilokalori 580. Joto hilo halitoki kwenye jua peke yake, kwani zaidi ya robo tatu ya nguvu inayotumiwa na misuli ya mtu anayelima kwa jembe au anayebeba magunia hugeuka kuwa joto ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mtungi hupoza maji vizuri zaidi Singida kuliko Unguja, kwa sababu hewa kavu hupokea mvuke upesi. Hapo ndipo mtego ulipo. Mfanyakazi wa pwani huona shati limelowa na kujua kwamba anapoteza maji, lakini wa Manyoni au Ikungi hukaushwa na upepo kabla jasho halijatiririka, akadhani hatoki jasho. Ushahidi huonekana jioni, shati linapokuwa na mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwapani, mfano wa ule weupe unaobaki kingoni mwa Ziwa Singidani maji yanapopungua. Kiu nayo huchelewa. Hufika wakati mwili umekwisha kupungukiwa, na damu iliyopungua maji huulazimisha moyo kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile.

Wataalamu hawategemei kipimajoto cha kawaida peke yake. Hutumia kipimo cha pamoja kilichobuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa mafunzoni, ambacho huunganisha vipimajoto vitatu: kilichofungwa kitambaa chenye maji, kinachoonyesha uwezo wa jasho kukauka, kilicho ndani ya tufe jeusi, kinachoonyesha ukali wa jua, na cha kawaida. Cha kwanza hupewa uzito wa asilimia 70, cha pili 20 na cha tatu 10. Viwango vya kimataifa huweka mpaka wa nyuzi 26 za kipimo hicho kwa kazi nzito ifanywayo na mtu aliyezoea joto, na nyuzi 23 kwa asiyezoea.

Tofauti hiyo ya nyuzi 3 inastahili kuzingatiwa sana. Mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 kuzoea joto: hujifunza kutoa jasho mapema zaidi, kwa wingi zaidi na lenye chumvi kidogo. Kijana aliyetoka masomoni, mama anayerudi shambani baada ya malaria, au kibarua aliyewasili jana hana uwezo huo, hata awe na nguvu kiasi gani. Ushauri unaokubalika ni kwamba mgeni wa kazi apewe sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe kiasi hichohicho kila siku.

Kuhusu mapumziko, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo haki ya kupumzika angalau dakika 60. Haki hiyo ni ya msingi, lakini haikutungwa kwa ajili ya joto. Aliyeanza kulima saa moja asubuhi atafikia pumziko lake saa sita, wakati joto limekwisha kujikusanya mwilini, na pumziko refu haliwezi kurudi nyuma likazuia madhara yaliyotokea saa tano. Kinachosaidia ni vituo vifupi vya mara kwa mara, kivulini, vinavyoanza kabla mtu hajachoka, na kazi nzito kuhamishiwa alfajiri na jioni. Oman, kwa mfano, hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni hadi Agosti.

Kikwazo kikubwa zaidi si ujinga wa mfanyakazi bali namna anavyolipwa. Anayelipwa kwa ekari, kwa gunia au kwa ndoo ya kokoto hukata ujira wake mwenyewe kila anapokaa chini ya mti, na mwenye watoto wanaomsubiri hatakaa. Kumwambia mtu huyo apumzike bila kubadili hesabu ni kumtupia mzigo usio wake. Mwajiri ndiye anayepaswa kupanga saa ya pumziko, kuwasimamisha wote kwa pamoja na kuihesabu saa hiyo ndani ya malipo. Maji nayo yawe mkononi, si nusu kilomita: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Choo kiwepo pia, kwa sababu mwanamke asiye na mahali pa kujisitiri hujizuia kunywa kutwa nzima, na dumu lililojaa halimfai kitu.

Ndani ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, hali hugeuka, kwani upepo haufiki na hewa ina unyevu; jasho hudondoka bila kukauka, hivyo maji ya kunywa peke yake hayatoshi na ni lazima hewa iingizwe na zamu zifupishwe.

Dalili za kwanza ni misuli kukakamaa, kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kupoteza fahamu, huo ni ugonjwa uitwao kiharusi cha joto, ambao si kiharusi cha kupooza, na ambapo kwa kawaida joto la ndani ya mwili huwa limepita nyuzi 40. Dakika zinazofuata ndizo zinazoamua. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Alazwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe kwa kanga au gunia, maana upepo mkavu uliomkausha bila yeye kujua sasa ndio utakaompoza. Na gari la kumpeleka kituo cha afya litafutwe na mtu mwingine, huku maji yakiendelea kumwagwa.