Kumwandaa mwalimu wa chekechea kufundisha kwa lugha ya nyumbani: Kipokomo na Kiorma katika Mto Tana

Sera ya elimu ya Kenya imeagiza kwa muda mrefu kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha anayoisikia nyumbani kwao. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka wa 1976 kwamba lugha ya eneo, yaani ile inayozungumzwa na watu wengi katika mazingira ya shule, itumike kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeendeleza msimamo huo kuanzia madarasa ya awali, PP1 na PP2, hadi gredi ya 3. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Hata hivyo, uzito wa maagizo haya yote humwangukia mtu mmoja, mwalimu wa chekechea, ambaye hudhaniwa kwamba kwa vile alizaliwa na kulelewa katika lugha fulani, basi anaweza kuifundisha pasipo kuandaliwa. Dhana hiyo ndiyo inayodhoofisha sera, na katika Kaunti ya Tana River, hasa maeneo ya Garsen, udhaifu wake huonekana waziwazi, kwa sababu lugha mbili kuu za huko zinamtaka mwalimu awe na maarifa ya namna mbili tofauti kabisa.

Anayezungumza lugha yake hutumia kanuni zake bila kuziona, ilhali anayeifundisha hana budi kuziona, kuzipanga kutoka nyepesi hadi nzito, na kutambua ni ipi iliyomkwamisha mtoto. Kabla mtoto hajashika penseli, kwa mfano, anahitaji kujengewa kile ambacho wataalamu hukiita ufahamu wa sauti, nao ni uwezo wa kusikia kwamba neno linagawika katika silabi, kwamba silabi nayo inagawika katika sauti, na kwamba ukibadilisha sauti moja unapata neno jingine. Uwezo huu hukua kwa masikio na kinywa, kupitia nyimbo, vitendawili, michezo ya kupiga makofi kwa kila silabi na hadithi zenye viitikio, na hukua vyema zaidi katika lugha ambayo mtoto tayari anaielewa, kwa sababu hapo hashughuliki na sauti ngeni na maana ngeni kwa wakati mmoja. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha nchini Kanada, alieleza katika maandishi yake ya mwaka wa 1979 kwamba stadi za kusoma na kufikiri zilizojengwa katika lugha ya kwanza huhamia katika lugha ya pili, mradi lugha hiyo ya pili nayo ifundishwe ipasavyo. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza kusoma Kiorma hajapoteza muda wake wa Kiswahili na Kiingereza.

Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River. Wapokomo wamekaa kandokando ya mto wakilima mpunga, mahindi, ndizi na maembe, na Waorma, ambao ni wafugaji wa ng'ombe, wametawanyika katika mbuga za pande zote mbili za mto na huteremka katika delta wakati wa kiangazi kutafuta malisho. Pamoja nao wamo Wawardei, ambao wengi wao husema Kisomali, na Wamunyoyaya na Wailwana walio sehemu za juu za mto, bila kuwasahau Wagiriama, Wabajuni na wengineo waliofuata kazi, uvuvi na biashara. Mji wa Garsen, penye njia panda ya Malindi, Lamu na Hola, hukusanya karibu lugha zote hizi.

Kipokomo, au Kipfokomo kama wenyewe wanavyokitamka watu wa sehemu za chini za mto, ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, kundi ambalo ndani yake mna pia Kiswahili, Kimijikenda, Kiilwana na lugha za Komoro. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliufafanua udugu huu kwa kina katika kitabu chao cha mwaka wa 1993 kuhusu historia ya lugha za Sabaki. Udugu huo humsaidia mwanafunzi na wakati huohuo humpumbaza mwalimu, kwa kuwa mwalimu anayehisi kwamba lugha hizi mbili zinakaribiana huteleza kutoka moja kwenda nyingine katikati ya sentensi, kisha huhesabu Kipokomo cha mtoto kuwa ni Kiswahili kilichoharibika. Mtoto anayetamka sauti za pf, ts au dz, ambazo ni sauti halali za lugha ya kwao, hurekebishwa kana kwamba amekosea, na baada ya kurekebishwa mara kadhaa huamua kunyamaza. Kwa hiyo mafunzo ya mwalimu wa Kipokomo yanapaswa kuanza kwa kulinganisha: aorodheshe sauti zilizomo katika Kipokomo na hazimo katika Kiswahili, maneno yanayofanana kwa umbo yakatofautiana kwa maana, na viambishi vinavyotofautiana kidogo tu, ili ajue lini mtoto anasema lugha yake sawasawa na lini anajaribu Kiswahili akakwama.

Suala la maandishi ni gumu zaidi ya linavyodhaniwa. Otografia, yaani mfumo uliokubaliwa wa kuandika sauti za lugha kwa herufi, ilianza kushughulikiwa mapema katika Kipokomo, kwani mmisionari Mjerumani Ferdinand Würtz wa misheni ya Neukirchen, iliyofungua kituo chake Ngao mwaka wa 1887, aliandika juu ya sarufi na msamiati wa lahaja ya chini na kutafsiri sehemu za Biblia kabla ya karne ya 19 kwisha. Lakini Kipokomo kina lahaja za juu na za chini ya mto, na hata huko chini Wabuu, Wangatana, Wakulesa na Wamwina hutofautiana kwa mambo kadhaa, hivi kwamba mwalimu wa kutoka Hola au kaskazini yake anayepangiwa kazi Ngao hukuta watoto wanaotamka baadhi ya maneno kwa namna asiyoizoea. Chuo kikimfunza tahajia moja tu bila kumweleza kwamba tahajia hutumikia lahaja nyingi, atakwenda darasani kuzipinga lahaja za watoto badala ya kuzipokea, na kosa hilo ndilo lililowaumiza watoto hao katika Kiswahili.

Katika Kiorma mambo yanageuka kabisa. Kiorma ni lugha ya Kikushi, ndugu wa Kiborana na wa Kioromo cha Ethiopia, na hakina ngeli kama za Kibantu: nomino zake ni za kiume au za kike, na kitenzi kwa kawaida hukaa mwishoni mwa sentensi. Urefu wa irabu na wa konsonanti hubadilisha maana, kwa hiyo irabu fupi na irabu ndefu, konsonanti moja na konsonanti maradufu, si mapambo ya matamshi bali ni tofauti ambazo mtoto lazima azisikie na azione zikiandikwa. Zipo pia sauti zinazotamkwa kwa kufyatua pumzi kooni na nyingine kwa kuivuta ndani, ambazo mwandishi aliyezoea herufi za Kiswahili hana namna ya kuziwakilisha asipofundishwa. Mwalimu Muorma aliyesomeshwa kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza pekee huandika Kiorma kwa kubahatisha, leo kwa irabu moja na kesho kwa mbili, na mtoto anayenakili ubaoni hawezi kujua ni lipi la kufuata. Hapa ulinganishi na Kiswahili hautoshi, kwa kuwa mwalimu anahitaji kozi kamili ya kusoma na kuandika lugha yake kabla hajafikiria mbinu za kuifundisha.

Inafaa kulitazama tukio dogo la darasani kwa karibu. Katika PP1 mwalimu anainua picha ya ng'ombe na kuuliza kwa Kiswahili ni wa rangi gani, naye mtoto wa miaka 4 aliyetoka katika boma la wafugaji anakaa kimya. Nyumbani kwao mtoto huyo hasemi tu kwamba ng'ombe ni mweupe au mweusi, kwa maana lugha ya wafugaji ina majina mengi ya rangi, mabaka na umbo la pembe, na kila jina humtambulisha mnyama fulani katika kundi. Mwalimu asiyejua hilo ataandika katika kumbukumbu zake kwamba mtoto hajui rangi. Aliyeandaliwa ataliuliza swali hilohilo kwa Kiorma, atapokea jibu lenye utajiri kuliko alilotarajia, kisha atalitumia kufundisha kupambanua na kupanga vitu kwa makundi, ambayo ndiyo misingi ya hisabati ya awali, ndipo ayalete maneno ya Kiswahili juu ya maana ambayo mtoto tayari anayo. Upande wa Wapokomo utajiri wa namna hii umo katika kilimo cha mafuriko, katika mitumbwi na samaki, na katika nyimbo za kubembeleza watoto. Wimbo wa taifa wa Kenya ulipata lahani yake katika bembelezi la Kipokomo mwaka wa 1963, na inasikitisha kwamba nchi inayoimba lahani hiyo kila siku ya gwaride bado haijawapa walimu wa watu wenye wimbo huo mwongozo wa kutosha wa kuitumia hazina hiyo kujenga ufahamu wa sauti.

Katika darasa lililochanganyika la mji wa Garsen, lugha ya eneo kwa kweli ni Kiswahili, na ni haki kukitumia. Hata hapo mwalimu anahitaji ujuzi wa kuzigeukia lugha nyingine kwa mpango, akijua salamu, maagizo mepesi na hesabu katika lugha ambayo si yake. Tangu mauaji ya mwaka wa 2012 kati ya Wapokomo na Waorma katika delta, jambo hilo lina uzito kupita ufundi wa darasani, kwa kuwa mtoto anayesikia lugha yake ikitamkwa kwa heshima na mwalimu wa jamii nyingine hupata ishara ambayo vikao vya amani haviwezi kumpa.

Katika kuwaandaa walimu wa namna hii, Kenya haijakosa kielelezo chake yenyewe. Kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, NACECE, kilianzishwa mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata vikafuata vituo vya wilaya, DICECE, ambavyo viliwafunza walimu wakiwa kazini kwa miaka miwili katika vikao vya likizo, huku vikihimiza matumizi ya hadithi, nyimbo na vifaa vya mahali. Afrika Kusini imekwenda mbele zaidi katika jambo moja: kanuni zake za elimu ya ualimu zinamtaka mwalimu wa madarasa ya mwanzo abobee katika kufundisha lugha ya kwanza mojawapo kati ya lugha rasmi, hivyo anayejiandaa kufundisha Setswana husomea ufundishaji wa Setswana kama taaluma, pamoja na ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya ziada. Huko lugha ya nyumbani ni sehemu ya cheti chenyewe, wala haiachwi kwa bahati ya mahali alipozaliwa mwalimu.

Jedwali la Nne la Katiba liliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na walimu wa awali huajiriwa na kaunti badala ya Tume ya Kuajiri Walimu, kwa hiyo serikali ya kaunti huko Hola ina uwezo wa kuchukua hatua bila kusubiri Nairobi. Tangazo la kazi linaweza kudai uwezo wa kusoma na kuandika Kipokomo au Kiorma, tena uthibitishwe kwa mtihani mfupi wa imla na wa kusimulia hadithi, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba zinaweza kutumika tena kwa mafunzo kama yale ya DICECE. Pengo kubwa zaidi limo katika mazoezi ya kufundisha, ambapo mkaguzi kutoka chuoni huketi nyuma ya darasa asielewe hata sentensi moja ya Kiorma, akalazimika kutoa alama kwa mpangilio wa ubao na kwa vifaa vilivyotundikwa ukutani. Mwalimu mstaafu wa kijiji au mtafsiri wa Biblia anayeijua otografia, akiketi kando ya mkaguzi huyo na kupewa sehemu ya alama kisheria, atasikia kama irabu ndefu zilitamkwa ndefu, kama hadithi ilisimuliwa kwa mtiririko wa wenyewe, na kama watoto walijibu kwa sentensi nzima au waliitikia kwa pamoja neno walilokaririshwa.